Kijana anaijua injini, hesabu anapata tisa: je, ni mtoto wa vitendo tu?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Naandika kutoka Ujiji. Nina watoto wawili wa sekondari. Mkubwa ni wa kiume, yuko kidato cha pili. Jumamosi na likizo anashinda Kibirizi kwa mjomba wake anayetengeneza injini za boti. Anafungua injini na kuifunga, anawachanganyia wavuvi petroli na oili, na mjomba anasema hajawahi kumharibia kazi. Lakini hesabu leo anapata 12, kesho 9. Mwalimu wake ameniambia huyu ni mtoto wa vitendo, mambo ya kufikirika hayawezi, nisipoteze hela ya tuisheni, nimpeleke chuo cha ufundi cha VETA. Mdogo wake wa kike, kidato cha kwanza, ni kinyume chake: kanuni zote anazo kichwani, lakini kazi ya mikono inamshinda. Ni kweli watoto wanaumbwa hivi, huyu wa vitendo na huyu wa nadharia? Na kijana nimfanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara macho yamerudi kwenye maneno uliyoyapita haraka: kwamba kijana anachanganya petroli na oili na hajaharibu kazi. Wewe umeyaandika kama sifa ya mkono wake. Mimi nimeona hesabu.

Tuitazame kazi yenyewe. Injini nyingi za boti zinazochanganyiwa oili kwenye petroli hutaka kile mafundi wanachokiita hamsini kwa moja: petroli sehemu 50, oili sehemu moja. Petroli lita 25 inataka oili nusu lita. Oili ikizidi, injini inafuka moshi na plagi zinachafuka. Ikipungua, pistoni inaweza kukwama kwenye silinda usiku, katikati ya ziwa, na watu wamo ndani. Sasa aje mvuvi na lita 35. Nimekaa na vijana wengi wa gereji na wa mwaloni, na njia yao karibu ni moja: 25 ni nusu lita, zimebaki 10; lita 5 ni mililita 100, basi 10 ni mililita 200; jumla 700. Hakuna kalamu wala karatasi. Huo ni uwiano, mama, ule ule uliomo kwenye daftari lake lenye wino mwekundu.

Mtu anayefanya hivyo kila Jumamosi hawezi kuambiwa kwamba mambo ya kufikirika yamemshinda. Oili ya lita 35 hakuwahi kuikuta imeandikwa popote, aliitoa kichwani. Kilichomshinda ni kulitambua jambo lile lile likija limevaa nguo ngeni.

Najua mwalimu wake hana nia mbaya. Hata mimi, miaka ya mwanzo ya kufundisha, niliwagawa watoto hivyo hivyo, kwa sababu sisi walimu tulifundishwa kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza na kazi yetu ni kuutafuta na kuufuata. Wazo hilo lina asili ya heshima. Mwaka 1984 Mmarekani David Kolb alieleza kujifunza kama mzunguko wa hatua nne: mtu anakutana na jambo lenyewe, analitafakari, anatoa humo wazo la jumla, kisha anakwenda kulijaribu wazo hilo na kukutana na jambo jingine. Kolb mwenyewe alisema watu hutofautiana katika hatua wanazozipendelea. Ila ni mzunguko, na anayejifunza anatakiwa kuuzunguka wote. Baadaye watu wakaukata vipande na kumgawia kila mtoto kipande chake.

Vipande vikazaliana. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Frank Coffield walihesabu nadharia 71 za mitindo ya kujifunza. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, wakauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: je, mtoto akifundishwa kwa mtindo unaosemwa ni wake, anaelewa zaidi kuliko akifundishwa kwa mwingine? Walipopitia utafiti uliokuwepo hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwagawa wanafunzi namna hiyo. Watoto wana vitu wanavyovipenda, na wengine wameanza mbele ya wengine, hilo halina ubishi. Lakini kupenda kuanzia mlango fulani hakumaanishi kwamba vyumba vingine umefungiwa.

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiusoma namwona kijana wa aina ya wako. Ulifanyika Recife, Brazil, ukachapishwa mwaka 1985. Watafiti walikwenda sokoni kwa watoto wanaouza nazi, matunda na vitu vingine vidogo, wakajifanya wateja. Nazi moja bei yake 35 kwa pesa za huko. Nataka kumi, ni kiasi gani? Mtoto wa miaka 12 akajibu kwa sauti: tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaendelea hadi 315 kwa nazi tisa, akaongeza 35, akapata 350. Ni sahihi kabisa. Pale sokoni watoto walipata asilimia 98 ya majibu. Baadaye watoto hao hao wakapewa hesabu za aina hiyo hiyo. Zilipoandikwa kama hadithi za kununua na kuuza walipata asilimia 74. Zilipoandikwa kama tarakimu tupu, wakashuka hadi 37. Akili zao zilikuwa zile zile. Kilichoondolewa ni nazi.

Watu wengi wakisikia habari hiyo husema, basi shule iondoe tarakimu, iwape watoto nazi. Mimi sifiki huko. Mwangalie tena yule mtoto wa Recife: amehesabu nazi kumi kwa mafungu ya tatu tatu, wakati jibu lilikuwa la kutia sifuri moja tu mwishoni mwa 35. Njia yake imemfikisha salama kwa nazi kumi. Kwa nazi 240 ingemchosha, na kwa bei mpya kila wiki angeanza upya kila wiki. Kijana wako naye, siku mjomba atakapoletewa injini mpya kabisa, kitabu chake huenda kikataka oili maradufu kwa saa za mwanzo, ishirini na tano kwa moja. Aliyekariri kwamba lita 25 ni nusu lita ataiharibu injini ya mtu. Aliyeuelewa uwiano atabadilisha namba moja na kuendelea na kazi.

Tofauti kati ya kujifunza kwa vitendo na kujifunza kwa kufikirika ipo, tena ni kubwa, na sisi tunaoishi Kigoma tunayo mifano miwili ya kuionyesha ufukoni kwetu.

Nenda Katonga au Kibirizi umtazame fundi anayeunda boti la mbao. Hana mchoro. Anaupima ubao kwa jicho, anaukunja, anauweka, anautoa, anapunguza kidogo, anaurudisha. Akimaliza anakalafati, yaani anaziba mianya ya mbao, boti linaingia majini na halivuji. Ukimwuliza amejuaje kwamba ubao ule ulitaka kupunguzwa, atakuambia umekaa vibaya. Ujuzi wake ni mkubwa na ni wa kweli, lakini uko ndani ya jicho na kiganja chake. Anayeutaka itabidi akae naye miaka.

Kisha iangalie Liemba. Meli ile iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli, ikaja kuunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Meli haiwezi kusafiri hivyo kama imo ndani ya jicho la fundi peke yake. Inahitaji michoro, vipimo na alama, ili mtu aliye mbali na kiwanda ajue bamba hili linakaa wapi. Hiyo ndiyo kazi ya maarifa ya kufikirika: yanakiondoa kitu mahali kilipozaliwa, yanakifungasha, yanakiwezesha kufika kwingine. Ndiyo maana shule inayahangaikia, na ndiyo maana sitaki kijana wako ayakose.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipowazidi, Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta inafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili la Liemba. Grisi ile ni akili ya mtu aliyeishi na chuma na maji hadi akajua yanafanyana nini. Meli moja imehitaji karatasi na imehitaji kiganja, na sijui ni nani angethubutu kusema kimojawapo kilikuwa cha ziada.

Narudi darasani. Kuna jambo ambalo mwalimu hakulitaja na naliwekea uzito kuliko yote: lugha. Kijana wako alisoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, labda na Kiha cha nyumbani kikimsaidia pembeni. Alipoingia kidato cha kwanza, somo likageuka Kiingereza ndani ya likizo moja. Uwiano ukapata jina jipya, sehemu ikapata jina jipya, na maswali ya maneno yakawa mtihani wa lugha kabla ya kuwa mtihani wa hesabu. Injini ya mjomba haikubadilisha lugha. Nimeona watoto wengi mno walioambiwa hawana kichwa cha nadharia, kumbe hawakulielewa swali. Fanya jaribio dogo kabla ya kumwamini mtu yeyote, hata mimi. Chukua swali moja alilolikosa, mwombe mtu anayejua amwelezee swali hilo kwa Kiswahili, amwelezee swali tu bila kumwonyesha njia. Akilifanya, ugonjwa mmeupata: anahitaji msamiati na mazoezi ya kusoma maswali, na hiyo ni kazi ya miezi michache. Asipolifanya, basi daraja limekatika mahali pengine, na tunalijenga hivi.

Anzeni na dumu lenyewe. Mwambie aandike kwenye karatasi, kwa mstari, petroli lita 5, 10, 25, 35 na 50, na mbele ya kila moja oili anayoweka. Hilo atalifanya bila shida, na kwa mara ya kwanza ataona kazi yake imekaa kama jedwali. Siku nyingine achore: dumu kubwa na kichupa kidogo pembeni, bila kushika kitu. Siku ya tatu madumu yaondoke. Zibaki herufi mbili, P kwa petroli na O kwa oili, naye aambiwe aandike sentensi moja fupi itakayofaa kwa dumu lolote duniani. Usimpe jibu, hata akikaa nusu saa. Siku atakapoandika O = P ÷ 50 kwa mkono wake, ataijua ile herufi inayomtisha ubaoni ni kitu gani: ni dumu lolote, ambalo bado hajaambiwa ukubwa wake. Mpangilio huu wa kutenda, kisha picha, kisha alama si wangu; mwanasaikolojia Jerome Bruner aliueleza miaka ya 1960, na walimu wa hisabati wa nchi nyingi wanautumia.

Hatua ya nne ndiyo wengi wanaisahau. Akishaandika kanuni, mtoeni kwenye injini. Mpe swali la kodi ya boti: unalipa 10,000 kabla hata ya kuwasha, kisha 5,000 kwa kila saa. Saa mbili ni ngapi, saa nne ni ngapi? Akisema saa nne ni mara mbili ya saa mbili, amebeba sheria ya oili mahali isipokaa, kwa kuwa saa mbili ni 20,000 na saa nne ni 30,000. Hapo ndipo kufikiri kunapokomaa, mtu anapojua sheria yake inafaa wapi na inakoma wapi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwafundisha wanafunzi wa chuo kanuni moja ya hisabati, baadhi kwa alama tupu, wengine kwa vikombe vya kupimia na vipande vya piza. Waliojifunza kwa alama tupu ndio walioweza zaidi kuihamishia kanuni kwenye mchezo mpya. Utafiti huo umebishaniwa na wataalamu wengine, nami siuchukui kama sababu ya kuwanyima watoto vitu vya kushika. Nauchukua kama onyo kwamba vitu vinapendeza hadi mtoto anabaki navyo, anakumbuka piza na kusahau kanuni. Dumu ni la kuanzia tu.

Wakati mzuri wa haya yote ni zile siku za mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa zimelala ufukoni na mjomba hana haraka. Mjomba awepo. Mtoto akiona mtu anayemheshimu kwa mikono yake anakaa na karatasi, karatasi inapata heshima.

Kuhusu binti nitasema machache, ingawa naye ananitia wasiwasi, na wasiwasi wake hauonekani kwa sababu ripoti inapendeza. Mwulize densiti ni nini, bila shaka atakuambia ni tungamo gawanya kwa ujazo. Kisha mpeleke sokoni, mkabidhi dumu la mawese la lita 20, mwulize lina kilo ngapi. Muuza mawese mzoefu akilinyanyua tu anahisi kama limetiwa maji. Binti mwenye kanuni hawezi, wala hajui kwamba kanuni yake ingeweza kumwambia. Mawese yana densiti ya karibu 0.9, kwa hiyo lita 20 ni karibu kilo 18, ukiacha uzito wa dumu. Yakiingizwa maji uzito unapanda. Mtoto anayejua hilo kwa mkono na kwa kanuni, akipata 180 kwenye mtihani atashtuka mwenyewe kwamba amekosea nukta. Asiyejua ataandika 180, apige mstari chini, ageuze ukurasa. Mpe kupima, kukadiria, kununua. Na mpe kaka yake kama mwalimu: siku moja amfundishe kuchanganya oili, naye dada aandike maelezo ambayo mtu asiyejua injini angeyafuata bila kukosea. Utaona wote wawili wanatoka jasho, kila mmoja kwa upande wake.

Sasa VETA. Nisieleweke vibaya, naipenda VETA, na tunacho chuo chake hapa Kigoma. Napinga sababu uliyopewa. Ukimpeleka mtoto ufundi kwa kuwa hesabu imemshinda, hesabu itamsubiri mlangoni, kwa maana fundi wa injini anasoma vipimo vya milimita na sehemu zake, fundi umeme anagawa volti, fundi mabomba anakokotoa ujazo. Hata ule mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza mwaka 2024 katika baadhi ya shule za sekondari, chini ya sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, haukuwaondolea wanafunzi hisabati. Na tukizoea kuwapeleka huko wale tu tuliowakatia tamaa, tutapata mafundi waliokwenda kwa aibu, na nchi inayowatazama hivyo hivyo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha huko huko, aliliandikia jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: alitaka shule na shamba viwe kitu kimoja, mwanafunzi ajifunze kwa kazi na kazi yake iwe na fikra ndani. Tulichokifanya mara nyingi ni kumpa mtoto jembe kama adhabu. Hilo bado linaniuma.

Hapa kwetu tunao pia mfano wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa msitu wa Gombe. Alifika Gombe Julai 1960 bila shahada yoyote, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa na kutazama. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichomeka majani kwenye kichuguu na kuvua mchwa, jambo lililowalazimu wanasayansi kufikiri upya kuhusu mnyama na zana. Hakubaki na kutazama peke yake. Mwaka 1962 alipokelewa Cambridge kusomea shahada ya uzamivu moja kwa moja, akajifunza kupanga aliyoyaona ili watu wasiokanyaga Gombe waweze kuyachambua na kuyapinga.

Kwa hiyo usiamue mwezi huu. Jaribio la lugha lifanyike kwanza, kisha hatua za dumu kwa wiki sita au nane, kisha nenda kwa mwalimu wake na ile karatasi ya jedwali na kanuni aliyoiandika mwenyewe. Usiende kugombana. Mwonyeshe tu, umwombe ampe maswali mawili matatu ya uwiano yaliyoandikwa kwa namna hiyo. Mwalimu mwenye darasa la watoto sabini hajawahi kupata nafasi ya kuiona Kibirizi.

Halafu kuna swali ambalo hakuna mtu aliyemwuliza kijana mwenyewe. Mwulize hivi: kama hesabu ungekuwa unapata 80, bado ungetaka kuwa fundi injini? Akisema ndiyo, mpeleke VETA au kwenye mkondo wa amali bila kuona haya, na hesabu yake aendelee nayo kwa sababu ataihitaji. Akinyamaza, au akitaja kitu kingine, basi alikuwa anakimbia, na ana haki ya kupewa muda. Mwulize jioni mkiwa wawili, mjomba wake asiwepo.